Bwana Gogo Hana Mjomba

Likizo iliyopita nilikwenda Mugoma kumsalimia kaka yangu, nikamkuta mjukuu wake amekaa juu ya kichuguu nyuma ya jiko, simu mkononi, ulimi nje, anapigana. Alinitupia shikamoo bila kuinua macho. Nikaitikia marahaba, nikaketi kwenye gogo la kuni kumsubiri ashuke. Hakushuka. Pale juu ndipo mtandao unapokamata vizuri, na yeye alikuwa katikati ya uwanja wa duara, ana panga na ngao, mbele ya maelfu ya watu wa kuchorwa waliokuwa wakimzomea.

Nikamwuliza anapigana na nani.

"Na kompyuta, bibi."

"Kompyuta ya nani?"

"Si ya mtu. Inajiendesha yenyewe. Hakuna mtu nyuma yake."

Akanieleza kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya choo. Unaingia kwa bando, unachagua jina, unachagua utakuwa nani, mtu wa mishale, mganga au mtu wa panga. Unaanzia chini kabisa, na kila ukishinda uwanjani unapanda ngazi. Wenzake walioko Mwanza na Dodoma nao wamo humo humo na wamekwisha kumpita, kwa sababu yeye amekwamishwa na jitu moja lenye mnyororo. Kila akilisogelea linamwangusha chini. "Linanionea," alisema, na machozi hayakuwa mbali. "Wengine linawaachia."

Hapo nilicheka mpaka kaka akageuza kiti chake kule kibarazani kutazama kulikoni. Maana, rafiki yangu, jitu lile ninalifahamu vizuri sana. Niliwahi kuwa jitu hilo mimi mwenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Operesheni ya vijiji ilipotufikia tulikuwa tunaishi juu kilimani, kila ukoo ndani ya migomba yake, moshi wa jirani ukiuona ni kwa mbali. Lori likaja likabeba mlango wetu, mitungi, kuku waliofungwa miguu na bibi yangu aliyekataa kuketi mbele kwa dereva. Tukashushwa kando ya barabara ya kuelekea Biharamulo, mahali palipokuwa na nyasi ndefu na vigingi. Bibi alivitazama vile vigingi vilivyonyooka akasema, "Leo na mimi nimepandwa kwa mstari kama maharage." Migomba yetu ilibaki kule juu kwenye mahame, na kwa miaka ile ya mwanzo kila tulipotaka ndizi ilibidi tupande mlima kwenda kuichuma nyumbani kwetu kama wezi.

Watu wazima walikuwa na mikutano ya kuwazoesha. Sisi watoto hatukuwa na mkutano. Palikuwa na Wahangaza kama sisi, Wasubi, Wazinza kutoka upande wa ziwa, na familia za Warundi waliokimbia vita vya kwao, moja yao ikikaa ukuta kwa ukuta na sisi. Hakuna mtoto aliyemjua mwenzake. Basi tukajuana kwa njia ya watoto, tukapigana. Tulipigana kisimani, tukapigana kwenye shamba la kijiji majembe yakiwa begani, tukapigana tukitoka kuimba wimbo wa umoja. Siku mvulana mmoja alipong'olewa jino na akalileta shuleni kwenye jani kama ushahidi, mwalimu wetu aliishiwa na subira. Alisimama mbele ya mstari akapaza sauti: "Kuanzia leo, yeyote ambaye mikono inamwasha akapige mgomba!"

Alikuwa amekasirika tu. Lakini sisi Kiswahili tulikuwa tumejifunzia darasani, na neno la mwalimu kwa Kiswahili lilikuwa agizo la serikali. Jioni ile ile kaka yangu alipanda mahameni na wavulana wawili, wakashuka na shina la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu. Wakalitundika kwa kamba katika ghala la kijiji.

Ghala lenyewe lilikuwa nguzo, boriti na ukuta wa tope uliofika kifuani. Lilikuwa likisubiri mabati. Kila mkutano tuliambiwa mabati yako njiani, na miaka ikapita mabati yakiwa njiani, na sisi tunayaombea yaendelee kupotea. Kwa sababu ndani ya nguzo zile ndimo tulimofanya uwanja wetu, na shina lile tukaliita Bwana Gogo. Jina la Kiswahili, kwa makusudi. Angeitwa Kihangaza angekuwa wa kwetu, angeitwa Kizinza angekuwa wa kwao.

Mwanzoni ulikuwa mchezo mbovu. Gogo alining'inia tu, unampiga anayumba, ukimaliza unakwenda kula. Wavulana wakaanza kutazamana tena kwa macho ya kutafutana. Kaka ndiye aliyewaza kwamba mpinzani asiyerudisha si mpinzani. Akafunga kamba ya pili kiunoni mwa Gogo, akaipitisha juu ya ukuta, ili mtu aliyejificha nyuma aweze kumvuta Gogo hadi ukutani kisha amwachie aende kwa kasi. Swali likawa ni nani akae nyuma ya ukuta. Mhangaza atamwonea Msubi, Msubi atamlipiza Mzinza, na tutarudi kwenye meno.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nimenuna. Nilitaka kupigana na nilikuwa nimeambiwa wasichana hawapigani uwanjani. Nilikwisha kumshitakia bibi, naye alinijibu bila kuacha kumenya ndizi, "Kama hawataki upigane nao, tafuta namna ya kuwapiga." Sasa namna ikaja yenyewe. Kaka akasema mimi dada yake nitavuta kamba, na binti wa jirani, mmoja wa wale Warundi, ataniamuru nivute vipi, na binti mwenyewe hataamua, ataamuliwa na kibuyu.

Binti wa jirani alikuwa rika langu, mkimya, mwenye macho ya kukagua. Alikuwa na vigae vitatu vya kibuyu kilichopasuka, alivyotoka navyo kwao katika kifurushi. Wengine walitoka na vyombo, yeye alitoka na vigae. Alivitupa chini kati yetu nyuma ya ukuta. Vyote vikilala kifudifudi, Gogo amelala, simgusi. Kimoja kikikaa chali, namvuta nusu. Viwili, namvuta hadi mwisho. Vyote vitatu vikikaa chali, hiyo tuliiita radi: namvuta hadi mwisho na kumsindikiza kwa teke. Yule mpiganaji kule mbele haoni kitu, haambiwi kitu. Ana fimbo ya tete iliyochongwa ncha na ngao ya gome la mgomba, na kifuani mwa Gogo kuna alama ya mkaa. Ukiichoma alama umeshinda. Ukiangushwa umeshindwa. Ukilalamika kwamba umeonewa, watoto wote wanakuitikia kwa pamoja: "Kibuyu hakina mjomba!"

Na kweli hakikuwa naye. Siwezi kukueleza raha ile, rafiki yangu. Wavulana walioninyang'anya zamu kisimani walikuja mmoja mmoja nikawaangusha kwa haki tupu. Nilikuwa nikisikia kishindo chao upande wa pili, puu, halafu kicheko, na harufu ya utomvu mbichi ikinipanda puani, na binti wa jirani amejiziba mdomo kwa upande wa kanga asicheke akajulikana. Hatukuruhusiwa kuonekana. Wadogo waliamini Gogo anajivuta mwenyewe.

Wala hukuingia uwanjani hivi hivi ukiwa mtoto wa fulani. Kwanza ulijivuga, kama wazee walivyokuwa wakisimama kwenye pombe ya harusi na mkuki kujitaja wao ni nani na wamefanya nini. Sisi hatukuwa tumefanya kitu, hivyo tulitunga. Ulichagua jina la vita na ng'ombe usiokuwa nao na milima uliyoivuka. Ulianza ukiwa mchunga ndama, ukishinda unakuwa mchunga ng'ombe, halafu mlinzi wa ziwa, na juu kabisa alikuwapo jemedari. Ukishindwa kwa radi unarudi kwa ndama zako. Mtoto aliyekuwa akilia kisimani jana, leo alisimama kati ya nguzo na kifua mbele akitaja chui aliowanyonga, na hakuna aliyemcheka, maana na wewe chui wako walikuwa wanasubiri zamu. Kumpiga ngumi mwenzako baada ya hapo ilikuwa aibu, ilikuwa kukosa adabu kwa Gogo.

Kaka alikuwa mkubwa kuliko wote. Alikwisha kumaliza darasa la saba, ana ndevu mbili tatu za kujivunia, lakini jioni akitoka shambani alipitia ghalani. Majivuno yake ninayakumbuka neno kwa neno:

"Mimi ni Asiyepisha Njia! Nilikutana na mvua mlimani, nikaiambia zunguka, ikazunguka. Nilikutana na chui kisimani, akaniachia kata ninywe kwanza. Jua halizami mpaka limeniuliza!"

Kila mtu alijua Asiyepisha Njia anampisha jogoo wa jirani. Na tena hakuwahi kumshinda Gogo hata mara moja. Wafupi waliinama kidogo tu Gogo akapita juu yao. Kaka alikuwa mrefu kama mlingoti, akiinama alibaki mrefu, na Gogo alimkuta tumboni kila safari. Yeye aliyeubuni mchezo ndiye aliyekuwa mchunga ndama wa kudumu. Alicheka, akajipangusa, akarudi kesho yake.

Kisha redio ya katibu wa kijiji ikatangaza kwamba nduli, yule mtawala wa nchi jirani, amevuka mpaka kule kaskazini, nchi yetu imevamiwa. Uwanja wa mpira ukajaa mgambo waliokuwa wakikimbia na bunduki za mti na kuchoma magunia yaliyojazwa nyasi. Nilikuwa nikiwatazama nikirudi kisimani, nikaona magunia hayarudishi. Nilimwambia mama hivyo, naye badala ya kucheka aliniambia niharakishe na maji.

Jina la kaka lilisomwa. Lori lingewachukua asubuhi, na alasiri ya siku ile ya mwisho alikuja ghalani. Watoto wote walikuja, hata wale waliokuwa wamekatazwa. Kila mmoja alitaka kaka ashinde. Mtu hapaswi kwenda vitani akiwa mchunga ndama. Kaka akajivuga kwa sauti ambayo nadhani ilifika barabarani.

Nyuma ya ukuta binti wa jirani alitupa vigae. Kimoja chali. Cha pili chali. Cha tatu kikazunguka kidogo, kikatulia, chali.

Nilimtazama. "Ana safari," nikamnong'oneza.

"Na kibuyu kinajua safari?" akanijibu kwa Kirundi chake. Hakugusa kigae.

Nikavuta. Nilivuta hadi mwisho nikamsindikiza Gogo kwa teke, kwa sababu mchezo wetu wote ulikuwa umesimama juu ya teke lile. Nilisikia kishindo. Kicheko kikaanza kikakatika. Kaka aliinuka, akaja akagonga ukuta kwa kiganja, akasema, "Bwana Gogo, umefanya kazi yako. Tutaonana."

Nilifika nyumbani nalia kwa kwikwi. Nimempeleka kaka yangu vitani ameshindwa! Bibi alikuwa akisuka kikapu. Alikuwa na tabia moja bibi yangu: mtu wa nyumbani akisafiri, yeye huacha kazi moja bila kuimalizia, ukingo wa mkeka, shingo ya kikapu, na anayegusa anachapwa vidole. Alinisikiliza mpaka kwikwi zikaisha, kisha akaweka kikapu chini kikiwa na nyuzi zinaning'inia.

"Kilichokwisha hakimwiti mtu," akasema. "Angeshinda leo angekuwa amemaliza shughuli zake hapa. Sasa ana kitu cha kurudia. Wewe mtunze tu huyo Gogo wako asioze."

Alisema kunibembeleza, leo najua. Lakini mimi nililichukua kama tulivyolichukua neno la mwalimu. Nikaamini kabisa kwamba kaka atarudi iwapo atamkuta Gogo amening'inia anamsubiri, na kwamba siku nguzo zile zikibaki tupu, basi, harudi tena.

Shina la mgomba halikai. Juani linasinyaa, mvuani linaoza, likianza kuwa jeusi linadondosha maji yanayonuka. Kazi yangu ikawa kupanda mahameni kila nikisikia kuna mtu amekata mkungu, kuomba shina, kulishusha na binti wa jirani, yeye mbele mimi nyuma, bega likiwaka moto. Utomvu ukishika nguo hautoki, na wakati ule sabuni ilikuwa hadithi. Tulifulia majani ya mpapai, na gauni langu la shule lilikuwa na ramani nyeusi mgongoni ambayo mwalimu alikuwa akiitazama bila kuniuliza. Chumvi ilipotea, sukari ikapotea, mafuta ya taa yakawa ya kuchungulia tu. Maharage tulikula chukuchuku. Mama aliacha chakula mara kwa mara, na bibi akawa anamrudishia bakuli mbele yake na kumwambia, "Mgomba haushindwi na mkunguwe. Kula." Mama akala.

Wavulana walitaka Gogo sasa awe nduli. Walikuja na mkaa wamchore uso, masharubu na kofia, ili tumchome wote kwa pamoja, bila zamu na bila vigae. Nilikaribia kukubali. Na mimi nilikuwa nimejaa hasira, na teke langu lilikuwa halina pa kwenda. Binti wa jirani alitoka nyuma ya ukuta, mara ya kwanza kuonekana, akasimama mbele ya Gogo na mikono nyuma.

"Asiwe mtu," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kichache, na alikichagua polepole. "Akiwa mtu, atakuwa na watoto."

Hakuna aliyemwuliza anajuaje. Tulijua nyumba yao ilikuwa na mama na bibi na watoto, na hakuna baba. Mvulana mwenye mkaa akautupa. Gogo akabaki Gogo, akaendelea kutuangusha sote kwa haki.

Kiangazi kilipokuja mashina yakakosekana. Migomba yote iliyosimama ilikuwa na mikungu michanga, na hakuna mwenye akili ambaye angekata mkungu mchanga wakati wa njaa. Gogo wangu alikuwa amebaki nyuzi. Nilipima kamba kila asubuhi nikienda shule, nikirudi najificha nisiangalie. Asubuhi moja nilimkuta ameanguka, amepasuka vipande viwili kwenye vumbi. Nilikaa naye pale, sikwenda shule.

Bibi ndiye aliyenikuta. Alichukua panga lake, akafunga kanga kiunoni, akapanda mlima mwenyewe na magoti yake mabovu hadi kwenye mgomba aliokuwa ameupanda alipoolewa, yaani mtoto wa mtoto wa mgomba ule, na akaukata na mkungu wake mchanga. Tulizila zile ndizi zikiwa chungu. Mama alipofungua kinywa kulaumu, bibi alisema, "Nimekata wangu." Jioni Gogo mpya alikuwa ananing'inia, mweupe, ananuka utomvu, na bibi alikuja na kijinga cha mkaa akamchora alama kifuani kwa mkono wake.

Waliporudi, malori yalipambwa matawi na watu waliimba mpaka sauti zikakauka. Kaka alishuka akiwa mwembamba na mzima. Mama alimpapasa mikono, miguu, masikio, kama anayemkagua mtoto mchanga. Alikuwa mzima kweli. Ila alikuwa hazungumzi. Alikula akitazama mlango, alikaa mgongo ukiwa ukutani, na jogoo wa jirani akiwika alishituka. Watu walikuja kusikia habari za vita wakanywa pombe, wakaondoka na habari zao wenyewe. Bibi hakukimalizia kile kikapu. Nilimwonyesha kwamba kaka amerudi, akanijibu, "Bado. Yuko njiani."

Siku nyingi zikapita ndipo jioni moja akapita ghalani. Sidhani alikusudia. Alisimama kati ya nguzo akamtazama Gogo, na watoto wakaanza kutokea, kutoka kisimani, kutoka mashambani, mmoja akiwa na kuku mkononi. Mtu akampa fimbo ya tete. Mimi na binti wa jirani tulikuwa tumekwisha kuruka ukuta.

Lakini kanuni ilikuwa kanuni, huingii bila kujivuga. Tukasubiri. Kaka alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Nikachungulia kwenye tundu la ukuta, nikaona midomo inatafuta. Kisha mtoto mmoja mdogo, ambaye kaka akiondoka alikuwa bado anabebwa mgongoni, akaanza kwa sauti yake nyembamba: "Mimi ni Asiyepisha Njia!" Wakaitikia wote. Mvua ikaambiwa izunguke, chui akaacha kata, jua likaomba ruhusa. Wakati wote wa vita walikuwa wakiyasema majivuno yale kabla ya kila mchezo, yasipotee. Kaka alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Vigae vikatupwa. Sitakuficha, radi. Vyote vitatu.

Safari hii sikuuliza. Nikavuta, nikapiga teke.

Gogo hakumkuta mtu. Kaka alikuwa amejitupa chini kabla hata Gogo hajaachana na ukuta, kifudifudi, mikono juu ya kichwa, uso ndani ya vumbi, na Gogo akapita juu yake akarudi akapita tena. Watoto wakalipuka kwa shangwe. Kulala chini! Miaka yote ile hakuna aliyewaza kulala chini! Wakapiga makofi, wakapiga mbinja, hii ndiyo mbinu ya kijeshi.

Mimi nilikuwa kwenye tundu. Niliona vidole vyake vimeikamata ardhi, na mgongo wake unatetemeka, na haachi. Nikajua kwamba hachezi. Sikujua la kufanya. Binti wa jirani alijua. Aliruka ukuta, akamshika Gogo kwa mikono miwili akamtuliza, halafu akaenda akalala chini kando ya kaka, kifudifudi, mikono juu ya kichwa vile vile. Hakumgusa wala hakumsemesha. Nikamfuata, nikalala upande wa pili. Na wale watoto, wakidhani sasa ni somo, wakaja mmoja mmoja wakalala, ghala zima, hadi yule wa kuku, na kuku akiwa kwapani anapiga kelele.

Tulilala hivyo muda. Vumbi lilinuka jua. Mwishowe nikasikia kaka ameinua kichwa. Aliwatazama watoto waliojipanga kwenye vumbi kama viazi juani, akamtazama kuku, na tumbo lake likaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akageuka chali, na machozi yalimtoka, na kilio kilichokuwamo ndani yake kikatoka humo humo.

"Sasa nimeshinda au nimeshindwa?" akauliza.

Mabishano yale hayakuisha. Hakuangushwa, alijiangusha. Lakini alama hakuichoma. Mwalimu aliletewa kesi akaikimbia. Bibi alipoelezwa alitikisa kichwa kwa kuridhika, akakichukua kikapu na kukifunga shingo jioni ile ile.

Baadaye mabati yalifika kweli. Ghala likaezekwa, likatiwa mlango na kufuli, nasi tukakua. Binti wa jirani na watu wake walirudi kwao miaka mingi baadaye, akaniachia kigae kimoja. Leo ghala halipo hata msingi, ni shamba la mahindi, na mnara wa simu umesimama pale ng'ambo ya barabara. Watoto wa sasa wanachagua majina ya vita bila kuyasema kwa sauti, na sioni vibaya. Wametawanyika mikoa yote na bado wanakutana uwanja mmoja. Ila ninaukosa ule mtetemo wa kamba kiganjani, na kujua kwamba upande wa pili kuna mtu.

Haya yote niliyakumbuka pale chini ya kichuguu, kijana akizidi kuangushwa. Kaka alikuja taratibu na fimbo yake, akasimama nyuma ya mjukuu akatazama lile jitu likizungusha mnyororo.

"Lala chini," akamwambia.

Mtoto alibonyeza huku na huku. "Hakuna kitufe cha kulala, babu. Kuna cha kuruka tu, na cha kupiga."

"Hakuna?"

"Hakuna."

Kaka alifikiri kidogo. Kisha akaegesha fimbo yake kwenye kichuguu, akashika goti, akashika nyasi, akajishusha pole pole na umri wake wote mpaka akalala kifudifudi pale uani, mikono juu ya kichwa, akimwonyesha mjukuu jinsi inavyofanywa. Mtoto alimtazama babu yake, akanitazama mimi, akatazama simu. Jitu likamwangusha tena, na wala hakujali. Aliteremka akalala kando yake.

Mimi kiuno changu kibovu kinajulikana Mugoma nzima. Nikalala hivyo hivyo, upande wa pili.